Ekari Mia na Thelathini

Jumapili, 10 Februari 1985

Nilinunua daftari hili jana Katesh kwa sababu nina barua mbili sandukuni, na sina mtu wa kumwambia kwamba zote mbili zinaniogopesha.

Ya kwanza imetoka makao makuu ya shirika. Nimechaguliwa kwenda Morogoro miaka miwili kusomea takwimu za mazao. Nikirudi nitafanya kazi kwenye ngano miaka kumi, bila kuhama. Ya pili imetoka Haydom, kwa Sista Scolastica, muuguzi anayesimamia kumbukumbu za wagonjwa pale hospitali. Mwaka jana nilipokuwa namuuguza mama nilikaa karibu na meza yake siku tisa, na siku ya tatu nikamwonyesha kwamba jumla ya mwezi haikulingana na kurasa zake. Hakunisahau. Anatafuta karani wa takwimu. Cheo ni cha chini kuliko changu cha sasa. Ameandika: "Kuhesabu unajua. Magonjwa utajifunza."

Zote zinataka jibu kabla ya Juni kwisha.

Nina miaka thelathini na mmoja. Minane nimeimalizia hapa, kwenye shamba la ngano la serikali upande huu wa Basotu. Najua mvua, ekari, magunia na saa za matrekta. Mtu akiniuliza kitu kingine, namtazama tu.

14 Februari

Mvua milimita 19. Upandaji umeanza. Matrekta manne hayana vipuri.

19 Februari

Mzee Felician amenikuta napima mvua. Ndiye mkuu wa kitengo cha takwimu, ambacho ni yeye na mimi basi, na ndiye aliyenifundisha kila ninachokijua. Amekaa kwenye ngano miaka kumi na sita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeshawajibu Morogoro?"

"Bado nafikiria."

"Unafikiria nini tena?" Alikuwa na punje mkononi, akaitia mdomoni akaivunja kwa meno, kama anavyofanya siku zote. "Sikiliza, Philomena. Mtu anayehamahama na kalamu yake, leo pamba, kesho hospitali, keshokutwa reli, huyo kila mahali ni mgeni. Namba anaziona, lakini hajui zinasema nini. Mimi ukiniletea namba ya ngano ya uongo, naijua kabla sijamaliza kuisoma."

Kumbe habari ya Haydom imemfikia. Sijui nani kamwambia.

"Na ngano ikiisha, mzee?"

"Iishe iende wapi? Watu wataacha kula mkate?"

Nilitazama matrekta manne yaliyosimama kando ya karakana, majani yameanza kuota kwenye magurudumu. Yeye hakuyatazama.

27 Februari

Milimita 33. Tope. Hakuna trekta lililoingia shambani.

Jumapili, 3 Machi

Nimekwenda nyumbani Tlawi. Baridi, na ukungu mpaka saa nne. Baada ya ibada nikawaambia wazee habari ya barua zote mbili.

Baba alikuwa anachambua maharage ya mbegu. Hakuinua kichwa. "Mimi nililima pareto miaka kumi na mmoja," akasema. "Wakati ule mtu wa pareto alikuwa mtu. Halafu bei ikaanguka, nikang'oa, nikapanda viazi. Mwaka wa kwanza viazi vikaoza vyote kwa sababu nilivilima kama pareto."

"Kwa hiyo baba unasema nisihame?"

"Nasema viazi vilioza mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu vilikulipia ada."

Mama yeye alisema tu Haydom kuna wagonjwa wengi, nisije nikaleta ugonjwa nyumbani.

Kwenye basi la kurudi niliwaza: mwaka huo wa kwanza, ambao kila kitu kinaoza, nitauvumilia? Hapa shambani watu huniuliza. Meneja mwenyewe huniuliza. Kule nitakuwa yule anayeuliza.

11 Machi

Milimita 28. Njaa imeanza kambini kwetu wafanyakazi. Mwaka jana mvua ilikatika mapema na watu hawana akiba.

16 Machi

Leo tumefunga upandaji, kwenye karatasi.

Kitalu cha 17 hakijapandwa. Ni ekari 130, kule mbali karibu na njia ya zamani ya ng'ombe. Mbegu ilishapelekwa ikawekwa kwenye banda la kando ya shamba, kisha trekta likavunja gia, kisha mvua. Nikamwambia mzee Felician nitaandika ekari 9,920.

"Lengo ni elfu kumi na hamsini," akasema. "Andika elfu kumi na hamsini. Wiki ijayo kitapandwa, tutakuwa tumesema kweli kabla ya wakati wake."

Ripoti ilitakiwa iende na gari la saa sita. Nikaandika 10,050. Na kwa kuwa ekari moja inakula kilo arobaini za mbegu, fomu ya mbegu nayo ilibidi ikubaliane: magunia 4,020 yametoka ghalani, magunia 4,020 yameingia ardhini. Bwana Hatibu, mtunza ghala, akatia sahihi. Nami nikatia chini yake, pale palipoandikwa "Shahidi".

Sijawahi kuandika namba ambayo najua si kweli. Nimeosha mikono nikaenda kula.

24 Machi

Milimita 41. Kitalu cha 17 ni bwawa. Hakitapandwa mwaka huu.

Jumapili, 7 Aprili. Pasaka

Bwana Hatibu ni Mwislamu wa Katesh, lakini kila Pasaka hutukumbuka. Leo mkewe Sada ameniletea chapati tano zimefungwa kwenye kitambaa, bado za moto. Sikumbuki lini niliona chapati mara ya mwisho. Nimekula mbili, tatu nimewapa jirani zangu.

"Unga mmeupata wapi, dada Sada?"

"Mungu hawezi kukosa njia," akasema akacheka. Ana cheko la kumfanya mtu asiulize zaidi.

13 Aprili

Milimita 6. Ngano imefika magotini, imesimama vizuri. Nimetembea kitalu cha 4 mpaka cha 9 kuhesabu machipukizi, na kwa saa tatu nzima sikuogopa chochote. Labda hilo ndilo jibu. Labda niende Morogoro.

21 Aprili

Mtoto wa Hermani, fundi wa matrekta, amefariki jana. Alikuwa na miaka minne. Wanasema degedege. Tumekwenda msibani. Hermani alikaa kwenye jiwe, akawa ananiambia kama mtu anayetoa taarifa ya mashine: "Kwanza alishindwa kushika kikombe. Halafu miguu ikawa inatetemeka. Halafu akawa ananiita na mimi nimesimama mbele yake."

29 Aprili, Haydom

Nimeomba likizo ya siku tatu. Sista Scolastica alisema nisijibu barua kabla sijaona kazi, na kweli nilihitaji kuona.

Chumba chake kina dirisha moja na madaftari mpaka darini. Amenikalisha na daftari la wodi ya watoto, mwezi Aprili, nijaribu kutoa jumla. Nimejiona mjinga. Vifupisho sivijui. Wastani wa wodi hii ni watoto wangapi sijui. Kwenye ngano macho yangu hukimbilia namba mbaya yenyewe. Hapa namba zote zinafanana.

Nilichoweza ni kazi ya kitoto tu: kusoma kila mstari na kuuliza. Mchana nikamwuliza, "Sista, hapa mmeandika 'miguu inatetemeka'. Na hapa, siku sita baadaye, 'hawezi kusimama'. Na hapa 'haoni vizuri, mikono inatetemeka'. Ni ugonjwa mmoja?"

Akavaa miwani. "Walipokelewa zamu tofauti. Daktari bado anatafuta. Mmoja tulidhani homa ya uti wa mgongo, kipimo kikakataa."

Nikaandika kwenye karatasi umri, tarehe na mahali walikotoka. Watoto saba, watu wazima wawili. Nilipofika safu ya mahali, kalamu ikasimama. Wanne kambini kwetu. Watano kwenye maboma yanayopakana na kitalu cha 17.

30 Aprili, Haydom

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi Sista alinipeleka wodini kwa baba mmoja anayeitwa Gidahosh, mfugaji wa Kibarabaigi. Binti yake wa miaka saba amelala hapo wiki mbili. Gidahosh alikuwa amekaa sakafuni, fimbo yake imelazwa chini ya kitanda, anamlisha uji kwa kijiko kwa sababu mkono wa mtoto hauendi anakotaka.

Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama. Nikamwuliza nyumbani wanakula nini siku hizi.

"Ng'ombe walikufa mwaka jana," akasema. "Tunakula ngano."

"Ngano mmeipata wapi, mzee?"

Sasa akanitazama, akaiona sare yangu ya shamba. Sijui kwa nini niliivaa. "Kwenu," akasema. "Kwenye banda lile karibu na njia yetu, ile mliyoifunga. Mtu wenu wa ghala alisema wenye njaa wachukue. Ni nyekundu. Mnaosha mara tatu, nyekundu inaondoka, mnakausha, mnasaga. Na yeye alichukua ya nyumbani kwake."

Mbegu yetu hupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Ni sumu. Rangi nyekundu hutiwa ili mtu asiichanganye na ngano ya kula. Rangi inatoka kwa maji. Dawa haitoki, imeshaingia ndani ya punje.

Nilitoka nje nikapiga hesabu. Ekari 130 mara kilo 40 ni kilo 5,200. Magunia hamsini na mawili. Kwenye karatasi magunia hayo yako ardhini, na sahihi yangu iko chini. Kama ningeandika 9,920, fomu ya mbegu ingeonyesha magunia hamsini na mawili hayana pa kwenda, na mtu angeuliza. Sikuiandika, na hakuna aliyeuliza.

Nimemwambia Sista kwamba ni mbegu yenye dawa. Alikimbia kabisa kwa daktari, mwanamke mtu mzima. Lakini habari ya fomu sikumwambia. Nilisema "nadhani". Sikudhani. Nilijua hadi kilo.

Halafu nikakumbuka chapati. Sada. Mkono wangu unaandika hivi na mimi nautazama kama unatetemeka.

1 Mei

Daktari amenipima. Ameniambia nifunge macho nishike pua, nitembee kwa mstari, nifunge vifungo. Anasema chapati mbili ni kidogo, sina kitu. Nimeambiwa hivyo na bado kila dakika nakunja vidole.

Barua ya daktari kwa meneja iko mfukoni mwangu. Basi la kesho.

2 Mei

Nimeshuka kwenye basi nikaenda moja kwa moja kwa bwana Hatibu. Njia nzima nilikuwa nimemchukia. Nilikuwa nimepanga maneno.

Nimemkuta mlangoni kwake, amempakata Sada kama mtoto. Sada hawezi kutembea toka Jumatatu. Aliposikia sauti yangu aligeuza uso, lakini upande usio wangu.

"Bwana Hatibu," nikasema, "ile ngano nyekundu mnayo bado?"

"Ipo debe moja na nusu. Unataka? Chukua tu, lakini ioshe vizuri. Mimi nasimamia mwenyewe, maji matatu."

Maneno yote niliyoyapanga yaliisha. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Hata ikioshwa mara tatu?"

"Hata mara kumi."

Akamlaza Sada polepole. Akasema, "Mtoto wa Hermani nilimpelekea mimi. Kwa mkono wangu. Nilimwonea huruma." Akarudia hiyo "nilimwonea huruma" mara nyingi. Nikakaa naye. Nilikuja kumshitaki mtu na sikumkuta.

Hermani ametafuta gari. Sada amepelekwa Haydom jioni hii.

3 Mei

Mzee Felician. Sijui niandikeje.

Nimemwekea mezani barua ya daktari, na kando yake fomu mpya niliyoandika kwa mkono: ekari zilizopandwa 9,920, mbegu isiyopandwa magunia 52. Nikamwomba tuipeleke kwa meneja pamoja, tupate gari leo leo tukakusanye.

Aliisoma. Akavua kofia akaiweka magotini.

"Barua ya daktari inatosha," akasema. "Waseme mbegu iliibwa bandani. Kukusanya tutakusanya. Ripoti tuiache, imeshakwenda Dar es Salaam."

"Mzee, meneja akitazama fomu ataona hakuna gunia lililobaki. Atasema daktari amekosea. Tutapoteza wiki mbili tukibishana, na watu wanakula."

"Unajua wakijua tuliandika uongo watafanya nini?"

"Tutafukuzwa."

"Wewe utafukuzwa!" Alipiga meza, na miaka minane sijamwona akipiga meza. "Wewe ukifukuzwa una barua nyingine sandukuni. Mimi nikitoka hapa mimi ni nani, Philomena? Nina miaka hamsini na mbili. Naijua ngano. Uliona mahali pengine popote nchi hii wanapotaka mtu wa kuing'ata ngano na kusema ina maji asilimia ngapi? Nikitoka getini pale mimi ni mzee asiyejua kitu."

Nilikuwa namwona kama mtu asiyeogopa. Kumbe ile "iishe iende wapi" yote ilikuwa hofu, na ni hofu yangu hii hii, ila yake imekaa miaka kumi na sita na haina mlango.

"Sahihi ni yangu pia," nikasema. "Nitakwenda mwenyewe. Nitasema niliandika mimi."

Nikachukua fomu nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye bomba la maji niliposikia miguu nyuma yangu. Alinipita, akaingia kwa meneja kabla yangu, bila kofia.

4 Mei

Tumepata Landrova na lori. Tumekwenda kambini, kisha maboma. Gidahosh amerudi kutoka Haydom kwa gari letu ili atuongoze, maana sisi pekee wasingetufungulia.

Tatizo lilikuja nyumba ya pili. Watu wana ngano ya aina mbili: ile ya bandani, na ile wanayookota shambani kila mwaka baada ya kombaini kuvuna, ambayo haina neno. Zikishaoshwa zote ni nyeupe. Na mwenye njaa huwezi kumwambia alete yote, ataficha yote.

Nikamtazama mzee Felician. Alikuwa ameshachuchumaa, amemimina ngano kiganjani.

"Mbegu ya mwaka huu ni mpya," akasema. "Ni ndefu kidogo, na huu mfereji wake wa katikati ni mwembamba. Ile ya zamani ni fupi, tumbo kubwa." Mimi nilitazama sana nisione tofauti. Yeye alikuwa anaiona kama sura ya mtu. "Hii ndiyo. Hii siyo, mama, rudisha ndani, ni chakula. Hii imechanganywa, samahani, yote."

Maboma kumi na manne, nyumba thelathini na moja. Kila tulichochukua meneja amekubali kilipwe kwa mahindi ya kantini, kilo kwa kilo. Wanawake walikuwa wananitazama nikiandika. Mmoja akasema kitu kwa lugha yao, Gidahosh akatafsiri bila kuombwa: "Anauliza, siku zote unaandika hivi? Basi ulikuwa wapi?"

Nimeliandika swali lake hapa.

5 Mei

Maboma saba yaliyobaki. Jumla tumepata magunia 17 na madebe mawili. Mengine yameliwa. Nimefanya hesabu ya idadi ya walaji na siku, nikapata idadi ya watu ambao bado hawajafika hospitali. Nimempelekea Sista kwa dereva. Nimeandika pia chini, kwa maneno kamili, nani alijaza fomu ya tarehe 16 Machi.

9 Mei

Milimita 12. Mtoto mmoja wa maboma amefariki. Sasa ni wawili.

15 Mei

Sista amejibu. Wamekwenda na gari lao wakiwa na ile orodha yangu, wamewakuta kumi na mmoja majumbani. Kuhusu fomu ameandika mstari mmoja: "Nimesoma. Nafasi bado iko wazi." Nimeusoma mstari huo nikitafuta hasira ndani yake au huruma. Sijaona hata moja.

23 Mei

Maofisa wawili wametoka makao makuu. Tumehojiwa mmoja mmoja. Bwana Hatibu amesimamishwa kazi. Mimi nimepewa onyo la maandishi. Mzee Felician ameondolewa ukuu wa kitengo, amepelekwa upande wa majaribio ya mbegu, kupanda vijitalu na kuvitazama. Alisema "ahsante" wakadhani anawakejeli.

2 Juni

Mvua imekatika. Masuke yametoka, tambarare yote ina rangi moja.

8 Juni

Sada ametoka hospitali. Anatembea kwa kushika ukuta. Binti wa Gidahosh bado yuko kule. Anashika kijiko sasa, ila pembeni haoni, na daktari hadhani ataona.

17 Juni

Meneja ameniita. Nilifikiri ni kufukuzwa, nikaenda na funguo zote mkononi.

"Nafasi ya Morogoro bado ni yako," akasema. "Na ukirudi, kiti cha Felician ni chako. Umeonyesha unaijua ngano. Nani mwingine angekaa Haydom akajua kilo ngapi hazikupandwa huku?"

Nimeomba siku kumi. Sasa hofu imegeuka. Februari niliogopa kwamba ngano itakwisha na mimi nitabaki. Leo naogopa kwamba haitakwisha, nitakikalia kile kiti, na siku moja wataniambia "andika elfu kumi na hamsini" na nitatazama huku na huku nisione pa kwenda.

Lakini na ile asubuhi ya Aprili siisahau, na daftari la watoto, namba zote zikifanana. Watu wanaougua wataletwa kwa mtu asiyejua kusoma kinachoandikwa?

26 Juni

Nimekwenda kwenye vijitalu vya majaribio kumuaga mzee Felician kabla hajaniuliza.

"Shikamoo mzee. Nimewaandikia Haydom."

"Marahaba. Nilijua." Alikuwa anafunga uzi mwekundu kwenye suke moja. Hakuonekana mtu aliyeshushwa cheo. Mtu asiyemjua angesema kapandishwa. "Mimi nilikosea kukuambia usihame, na wewe utakosea ukidhani umehama. Miaka minane hii usiitupe njiani. Bila hiyo, ile siku ungesema ni homa."

"Na bila hospitali nisingewaona."

"Basi." Akafikiri kidogo. "Lakini usisahau kitu kimoja. Mimi siwezi kuondoka, ni kweli. Hata hivyo niliingia kwa meneja."

"Uliingia wa kwanza, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye suke lake.

Jumatatu, 8 Julai, Haydom

Siku ya kwanza. Nimejumlisha wagonjwa wa nje, nikahesabu mara mbili wote waliorudi kwa dawa. Muuguzi mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi amenisahihisha mbele ya watu. Kule tambarare watakuwa wanatia kombaini mafuta.

11 Julai

Kosa jingine. Sikujua kwamba herufi mbili zilizo kando ya jina la mtoto ni uzito wa kuzaliwa.

15 Julai

Sikula mchana. Nimekaa nje nikifikiria viazi vya baba.

19 Julai

Leo daktari ameingia chumbani na ripoti yangu ya Juni, ya kwanza kuandikwa kwa mwandiko wangu. Sista Scolastica alikuwa mezani kwake. Daktari akaweka kidole kwenye safu ya watoto wa kuharisha.

"Sitini na nne," akasema. "Ni wengi, au ndiyo kawaida ya Juni?"

Kila mtu hutaka neno moja. Niliyajua maneno yote mawili, "wengi" na "kawaida", na lolote ningelisema angelichukua, angetoka nalo, angeagiza dawa au asiagize.

"Sijui, daktari."

Sista akaacha kuandika. Daktari akanitazama kama anayedhani hakusikia vizuri.

"Najua ni sitini na nne," nikasema. "Nimehesabu mara tatu. Kama ni wengi, sijui bado. Madaftari ya miaka mitano ya nyuma yako stoo. Nipe mpaka Ijumaa ijayo."

Niliona haya kiasi kwamba nilitamani kurudi Basotu kwa miguu.

"Ijumaa," akasema, akaniachia ripoti. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ukiona kabla ya Ijumaa, usisubiri Ijumaa."

Nimeshusha daftari la Juni 1980. Lina vumbi, na mwandiko ni wa mtu nisiyemjua. Ukurasa wa kwanza una majina ishirini na sita. Nimeanza na la juu.